Nyota Nilizoziba kwa Wino

Kabla sijajua lolote kuhusu nyota, nilijua mikwaruzo. Ndiyo iliyonilisha. Miaka ile ya hamsini nilifanya kazi katika chumba cha giza cha duka la picha la Mzungu mmoja hapa Goma, na kazi yangu hasa ilikuwa retushi. Niliketi dirishani na brashi ya nywele tatu na kikombe cha wino uliochanganywa na maji, nikaziba kila kasoro kwenye picha ya mteja kabla hajaja kuichukua. Kasoro hazikukosekana. Mji wetu umekaa juu ya mawe yaliyomwagika kutoka mlimani yakiwa moto, na vumbi lake ni jeusi na kali kama chupa iliyosagwa. Liliingia viatuni, kwenye maharagwe, kitandani, na liliingia ndani ya kamera. Chembe moja tu ilitosha kuikwaruza filamu kila ilipozungushwa, na ukichapa picha unakuta mstari mweupe umempita karani wa watu shavuni, kutoka ukingo mmoja hadi mwingine.

Mikwaruzo hiyo ilinyooka, maana filamu hutembea njia moja. Kwa hiyo niliweka rula, nikaegemeza brashi, nikavuta. Nilikuwa hodari wa kazi hiyo, na ubaya ni kwamba nilijua mimi ni hodari.

Mama yangu nilimleta kutoka kijijini kwetu Kalengera baada ya msimu mmoja ambao alipalilia shamba lake akang'oa maharagwe na kuacha magugu. Dada yangu alituma habari huku akicheka. Mimi sikucheka. Mganga wa zahanati alimmulika macho kwa taa ndogo, kisha akanivuta mlangoni na kuniambia kuwa utando unayafunika. Vitu vya mbali vimeanza kumpotea, alisema. Vya karibu ataviona bado, pengine vizuri kuliko zamani, halafu navyo vitafungwa. Nikamuuliza itachukua muda gani, akainua mabega. Akataja upasuaji katika mji wa mbali, lakini Mama aliposikia kisu na jicho vikitajwa pamoja alisimama, akafunga kitambaa chake kichwani na kutoka nje.

Ni kweli vya karibu aliviona. Alileta punje ya maharagwe hadi puani na kuchambua yaliyotobolewa na wadudu haraka kuliko mimi. Ila jirani akipita alimsalimu kwa jina la jirani mwingine. Jambo moja tu hakukubali kushindwa, nalo ni nyota. Kila jioni baada ya chakula aliketi uani, akainua kidevu na kunyoosha mkono.

"Kilimia iko pale," alisema.

Nami nikitazama, ipo. Kilimia ni kile kikundi cha nyota ndogo sita zilizobanana kama watoto chini ya blanketi moja. Mama alilima maisha yake yote kwa kuzifuata. Zikiwa juu kabisa giza linapoingia, alijua ni wakati wa kusafisha shamba kwa mbegu za msimu wa pili. Hakuwahi kuuliza mtu tarehe. Kwa kuwa mkono wake haukukosea hata siku moja, mimi nilijiambia kuwa mganga yule ni mwoga tu, na macho ya mama yangu yana nguvu kuliko anavyodhani.

Jioni moja akaniuliza, "Papa, ile karatasi yako inashikaka sura ya batu. Inaweza kushika nyota?"

Akiniita papa, kama mama wengi wa kwetu wanavyowaita wana wao, nilijua yuko katika furaha na sipaswi kumwangusha. Nikajibu kwamba inaweza bila shida. Sikuwa na habari yoyote. Lakini tangu dakika ile swali halikuniacha. Dukani tuliwawashia watu taa mbili kubwa usoni, na bado tuliwaambia wasitikisike. Je, nyota, ambayo hata haimuliki kiatu changu? Mwanga wake ungefika kwenye filamu, au ungechoka njiani? Nilimenya viazi nikiwaza hilo, na nilipanga foleni bombani nikiwaza hilo.

Nilikuwa na kamera kuukuu ya kukunja ambayo Mzungu aliitupa kwa sababu ngozi yake ya mikunjo ilitoboka. Niliiziba kwa mpira wa ndani wa baiskeli. Uzuri wake ni kwamba ungeweza kuacha jicho lake wazi muda wowote unaotaka, hadi uamue kulifunga. Mahali pa kupigia palikuwa ua wetu, kati ya jiko na choo, kwa kuwa usiku mtu mweusi hakutakiwa kuonekana barabarani bila karatasi ya ruhusa. Tatizo lilikuwa muda. Sikuwa na saa.

Mama ndiye aliyekuwa saa yangu. Kila jioni alisali rozari nzima kwa Kinyarwanda, polepole, kwa mwendo ambao haukubadilika hata mvua ikinyesha. Tukapatana: akifanya ishara ya msalaba nafungua, akisema Amina ya mwisho nafunga.

Mara ya kwanza nilielekeza kamera kaskazini, kwa Nyiragongo, nikidhani mlima utapendezesha picha. Moto wa ndani yake ulipaka moshi rangi nyekundu kila usiku, nasi tuliuzoea kama taa ya jirani asiyelala. Juu ya wekundu ule nyota zilikuwa nyingi, maana mvua ilikuwa imeosha anga mchana. Mama akasali. Mimi nilisimama kando ya kamera bila kupumua vizuri, kana kwamba nyota ndizo zilizoambiwa zisitikisike.

Kesho yake, baada ya wateja kwisha, nilichapa picha. Nilitegemea vitone. Hapakuwa na kitone hata kimoja. Palikuwa na kivuli cha mlima, ukungu wa moto wake, na juu yake mikwaruzo, mikwaruzo mitupu, sijawahi kuona filamu iliyokwaruzwa namna ile. Nikalaani vumbi la Goma, nikalaani na ule mpira wa baiskeli ulioliruhusu kuingia. Na kwa kuwa sikuweza kuvumilia kupeleka nyumbani picha iliyochakaa, niliwasha taa, nikachukua brashi.

Niliketi hapo mpaka shingo ikauma. Rula ilinisaidia kwa miwili tu. Mingine yote nilifuata kwa mkono mtupu, mmoja baada ya mwingine, makumi kwa makumi. Nilipomaliza, anga lilikuwa jeusi, laini, safi kabisa. Hakuna mteja angeweza kulalamika. Nikaiweka kati ya kurasa za gazeti nikaenda nayo nyumbani.

"Mama, nimeshindwa," nilimwambia. "Nyota hazikushika. Ni giza tu."

Aliipokea, akaisogeza hadi ikagusa pua, akaipitisha taratibu mbele ya jicho moja, kisha jingine.

"Haikuharibika, papa," alisema. "Njo mbingu yenyewe. Njo vile mi naionaka."

Nikacheka: ati mbingu ni nyeusi tupu. Mama alipenda utani. Kisha nikaona kuwa yeye hacheki, na kwamba anaendelea kuipitisha ile karatasi nyeusi mbele ya jicho.

"Na Kilimia? Si unaionyesha kila siku?"

"Fasi yake naijua. Weye, mu giza, haujue fasi ya mulango ya nyumba yako?"

Nilimuuliza tangu lini. Akasema tangu Kalengera, kabla hata ya yale maharagwe. Halafu akasema lile lililokuwa moyoni mwake muda wote: "Nilitaka nizione tena mara moya, mbele macho ifunge yote. Nikawaza, kama karatasi yako ingezishika, ningezileta hapa ku pua."

Nilichukua sahani nikaenda kuziosha, ingawa zilikuwa safi.

Usiku huo nililala chali nikiwa na aibu, na katikati ya aibu kitu kidogo kikaanza kunikera. Rula. Kwa nini rula haikufaa? Mikwaruzo ya vumbi hunyooka. Ndiyo maana nina rula. Lakini jioni nzima kifundo cha mkono wangu kilikuwa kikipinda, na kilipinda upande uleule. Niliunyanyua mkono gizani nikaurudia mwendo ule hewani. Ulipinda tena. Sijawahi kuisubiri asubuhi kwa hamu namna ile.

Nilifika dukani kabla ya Mzungu, nikaishika negativu, ile filamu yenyewe, dirishani na kuiangalia kwa kioo cha kukuza. Kwa bahati yangu wino niliupaka kwenye karatasi tu, negativu haikuguswa. Mikwaruzo ya kweli ilikuwamo, ile miwili ya rula, imekatiza filamu nzima. Mingine yote ilikuwa mifupi na imepinda, ukubwa mbalimbali lakini mpango mmoja, kama vipande vya pete za kitunguu kilichokatwa katikati. Kitovu cha kitunguu kilikuwa chini, nyuma ya mlima. Iliyokuwa karibu na mlima ilikuwa mifupi, iliyokuwa juu mirefu, na yote ilizunguka pamoja.

Zilikuwa nyota, na zilikuwa zinatembea. Bila shaka nilijua kwamba nyota huchomoza na kutua. Nimelelewa na mwanamke aliyelima kwa kuzitazama. Lakini sikuwahi kufikiri kwamba zinatembea nikiwa nimesimama pale, katika muda wa rozari moja, na mwendo wao waweza kupimwa kwa rula ya dukani. Na mimi nilikuwa nimetumia jioni nzima kuzifuta. Nilicheka peke yangu mpaka Mzungu aliyekuwa akiingia akaniuliza kama nimekunywa.

Nilipomweleza Mama, hakushangaa sana. "Basi uende uniletee zangu," alisema.

Ilikuwa rahisi kusema. Kilimia hupita juu sana, na kamera yangu haikuwa na miguu ya kuiinua hivyo. Mara ya kwanza niliishikiza kwa mawe, ikaanguka katikati ya Salamu Maria. Mara ya pili jirani aliwasha moto wa kuni mbichi. Kisha mvua ikatufungia siku nyingi, na mawingu yalipopungua, mwanga wa mlima ulitanda juu ya ukungu ukapaka filamu yote kijivu. Huku nyuma mimi nilimtazama Mama. Maharagwe hayakukaa tena mbele ya pua. Sasa yaligusa kope. Siku moja aliniletea sindano na uzi, nikamtungia, naye akarudi kuketi. Alikuwa mtu wa kutunga uzi mwenyewe. Nikaogopa.

Februari ilipoingia anga lilitulia. Nililaza kamera chali juu ya gunia la maharagwe lililotoka Kalengera, nikalibonyeza likafanya kishimo, nikaiinamisha kidogo kuelekea kaskazini. Kilimia ilikuwa juu kabisa na watu walikuwa hata hawajamaliza kula. Nilizunguka kwa majirani nikawaomba wafunike moto wao, mmoja akaniuliza kama nyota zinadaiwa kodi. Mama akafanya ishara ya msalaba, nikafungua.

Alisali siku ile kama hajawahi kusali. Kila neno alilishusha chini taratibu kama mtu anayepanga mayai. Amina ilipofika nikafunga.

"Nimezipatia wakati ya kutosha?" aliuliza.

Kesho yake niliikuza picha kadiri mashine ilivyoruhusu. Chini ya taa nyekundu weusi ulikuja kwenye karatasi, na ndani ya weusi ukabaki weupe wa mistari midogo iliyolala pamoja, urefu wa kidole changu cha kati. Brashi sikuigusa. Nilikimbia nayo nyumbani ikiwa bado na unyevunyevu.

Mama aliketi mlangoni penye jua. Alileta karatasi jichoni. Niliona nyusi zake zikipanda, na mdomo wake ukihesabu.

"Ni ine," alisema.

"Nini?"

"Mistari ni ine. Kilimia ni sita. Bili umeziacha wapi?"

Nikaapa kwamba sikuziba kitu. Akasema brashi yangu anaijua. Niliichukua picha nikahesabu mwenyewe: minne. Negativu: minne. Jioni iliyofuata tulirudia yote, gunia, majirani, rozari, na picha ya pili ikatoa minne vilevile. Hapo nilikasirika. Niliikasirikia kamera, nikaikasirikia filamu, na Mama aliposema tena kwamba mbili zimepotea nilimjibu kuwa labda hazikuwahi kuwa sita, labda ni macho yake.

Alikunja mikono juu ya mapaja. Nilikwenda kula nje, nikala nusu, na maneno yale yananiuma mpaka leo.

Asubuhi nilimkuta mlangoni na picha zote mbili, amezileta karibu kiasi kwamba kope zilizigusa. Nilidhani ananuna.

"Kuja," alisema. "Hii mustari ya katikati, iangalie. Iko murefu kupita zingine."

Nikaangalia. Kweli ulikuwa mrefu, na mnene kidogo pia. Mimi niliona hilo tangu mwanzo na sikulipa maana.

"Zote zilitembea rozari moya," aliendelea. "Hii ilipata wapi wakati ya kutembea mingi?"

Alisubiri kidogo, kama alivyonisubiri nilipokuwa mdogo nikijifunza kuhesabu.

"Haiko mutu moya. Ni batatu. Wa mbele, wa katikati, na wa mwisho. Banafuatana mu kanjia, banakanyaga fasi moya, kama vile siye tulikuwa tunaendaka ku shamba. Mwenye kuwa mbali anaona njia moya tu, anasema ni ya mutu moya. Lakini wa mwisho yeye anabakia nyuma, njo maana njia inarefuka."

Nilileta rula, ileile. Mitatu ililingana kabisa. Wa katikati ulizidi kwa upana wa kidole gumba, na karibu ziada yote ilikuwa nyuma. Jioni nilitoka uani nikatazama juu, nami nikaziona: tatu kati ya zile sita zimelala mstari mmoja, zimeelekea kulekule zinakokwenda. Nilikuwa nimezitazama maisha yangu yote kwa macho mazima.

Nilimwomba msamaha. Alikuwa anahesabu na hakutaka kukatizwa.

"Moya, bili, tatu. Na hawa batatu. Sita. Bote bako," alisema, akaweka picha mapajani na kuifunika kwa viganja. Nimepata furaha nyingi baadaye, nimeoa, nimezaa, nimekuwa na duka langu; sijui kama kuna siku nimefurahi vile. Siku hiyohiyo alinituma kwa dereva wa lori aliyekuwa akipandisha Rutshuru kupitia Kalengera, akapeleke neno kwa dada yangu kwamba shamba lisafishwe, wakati umefika.

Mvua za msimu ule zilipokwisha, vya karibu navyo vikafungwa. Haikutokea siku moja. Ila siku moja nilimkuta ameishika picha juu chini, naye anatabasamu. Nikaigeuza. Akasikia ikigeuka.

"Basi," alisema. "Nilizipata."

Jioni hiyo nilichukua sindano yake ya kushonea, nikaweka picha mezani chini ya taa. Maisha yangu yote ya kazi yalikuwa kuondoa mikwaruzo, na mkono ulikataa kidogo kabla ya kuanza. Nilikwaruza mistari ile minne mmoja mmoja, nikibonyeza hadi karatasi ikafanya mfereji, na ule wa katikati nikauendeleza nyuma mpaka ulipoishia. Rula sikuitumia. Kisha nikamwekea Mama mikononi. Ukucha wake ukatafuta, ukaingia kwenye mstari wa kwanza, ukafuata.

Kila mwaka Kilimia ilipofika juu jioni, aliniuliza naona nini huko uani. Nilipomweleza, aliipitia picha kwa ukucha ili kuhakikisha kwamba simdanganyi, ndipo akatuma neno Kalengera.

Picha hiyo ninayo. Weusi wake umegeuka kahawia, pembe moja imeliwa na panya, na mtu akiiona mara ya kwanza husema imekwaruzika, ananishauri niitengeneze. Sasa mimi ndiye ninayeleta maharagwe puani. Jioni nyingine nafumba macho, naweka ukucha kwenye ule mstari wa katikati, nauanza mbele na kuufuata taratibu, hadi kwa yule wa mwisho aliyebaki nyuma.